Jopo kubwa, si jopo kuu

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akisema mtu fulani huko Marekani "amepatikana na hatia mbele ya jopo kuu la mahakama". Hapana. Jopo hilo, ambalo kwa Kiingereza ni grand jury, halimtii mtu hatiani, na wala halina uwezo huo.

Kwa kifupi, ni raia wa kawaida, kati ya 16 na 23 katika mahakama za shirikisho, wanaoletewa ushahidi na mwendesha mashtaka kwa siri ili waseme kama unatosha kumfungulia mtu kesi. Wakikubaliana 12, hati ya mashtaka inatoka. Jaji hakai nao, wakili wa mtuhumiwa haingii, na mara nyingi mtuhumiwa mwenyewe hayupo. Marekebisho ya Tano ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanalidai jopo hili kwa makosa mazito ya shirikisho. Majimbo hayalazimiki.

Sasa hilo neno "kuu". Kiswahili kina kuu na kina kubwa, na hayajawahi kuwa kitu kimoja: katibu mkuu anaweza kuwa na kimo cha mtoto. Msikilizaji akiambiwa "jopo kuu la mahakama" anakumbuka Mahakama Kuu, anadhani ni ngazi ya juu, basi likishasema limesema. Kumbe grand ni neno la Kifaransa walilokuwa wakitumia wanasheria wa Uingereza ya kale, na hapa lilihesabu vichwa tu. Kulikuwa na kundi kubwa, na kando yake kundi dogo, petit, la watu 12. Hilo dogo ndilo linalosikiliza kesi yenyewe, mashahidi wakahojiwa pande zote mbili, kisha likatamka ana hatia au hana. Dogo ndilo lenye meno.

Wapo pia wanaotia chumvi kwa kuwaita wajumbe wa majopo hayo "wazee". Neno juri (jury), yaani jopo la raia wa namna hii, asili yake ni kula kiapo. Hao ni walioapishwa, basi. Majina huokotwa kwa bahati nasibu kwenye orodha za wapiga kura na za leseni za udereva, kwa hiyo "mzee" wako anaweza kuwa binti wa miaka 19. Wazee wa baraza ni wa kwetu, nao walimshauri jaji tu, akitaka anawasikiliza, asipotaka anaamua lake. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Wakati wa ukoloni huko huko Kenya, haki ya kuhukumiwa mbele ya juri ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika alipewa wazee wa baraza. Waliokuwa kizimbani waliijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tunaoichanganya redioni.

Machi 30, 2023, jopo kubwa la Manhattan lilipitisha mashtaka dhidi ya Donald Trump, na siku ile ile nilisikia "amehukumiwa". Juri ya watu 12 ilimtia hatiani kwa makosa 34 Mei 30, 2024. Mtangazaji wangu alitangulia kwa miezi 14.

Basi ndugu yangu, hati ikitoka, sema "amefunguliwa mashtaka", yanatosha. Na kama jopo ni lazima ulitaje, litaje, ila liite kubwa.