Mwenzi Akifariki, Mkopo wa Nyumba Haufi Naye

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipozinduliwa mwaka 2023, dawati letu la msaada wa kisheria limekuwa likipokea wajane na wagane wengi wenye tatizo la aina moja: nyumba ya familia iliwekwa rehani benki, mwenzi aliyekuwa akilipa marejesho amefariki, na sasa dalali ameshabandika tangazo getini. Karibu wote wana kesi ambayo ingekuwa nyepesi kama wangefika miezi mitano au sita mapema. Ndiyo sababu ya makala hii. Inahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ina Mahakama ya Kadhi, hivyo wasomaji wa huko watafute ushauri huko huko.

Tuanze na dhana inayotuchosha kuliko zote, kwamba mkopaji akifa na mkopo umekufa. Jambo hili limeelezwa redioni, misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya mitaa, na bado kila wiki anakuja mtu mzima na akili zake anasema, "Lakini mwenye deni si amekufa?" Deni la marehemu linabaki kuwa deni la mirathi yake. Utaratibu ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia kama upo, na mwisho urithi. Hakuna mfumo wa mirathi unaotumika nchini unaosema vinginevyo. Muislamu anajua kwamba thumni (sehemu moja ya nane) ya mke mwenye watoto, au robo kwa asiye na watoto, inahesabiwa baada ya deni kulipwa. Qur'ani yenyewe inarudia sharti hilo kwenye aya za mirathi. Familia inayofuata mila, au sheria ya mirathi ya maandishi, nayo hugawana kilichobaki. Kukaa kikao na kugawana vyumba vya nyumba iliyo rehani, huyu kapewa upande wa barabarani na yule uani, ni kugawana kitu ambacho bado hakijawa cha kugawana.

Hatari kubwa kwa mjane si benki. Ni kile kipindi cha kimya kati ya mazishi na siku mahakama inapomteua msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kilichobaki. Msiba unaisha, arobaini inapita, mama yuko eda, shemeji wanavutana nani asimamie, na simu ya marehemu ambayo benki inaipigia imezimwa ndani ya kabati. Wakati huo riba inaendelea kuhesabika, na mara nyingi adhabu ya ucheleweshaji nayo inajilimbikiza juu yake. Benki haijui kama kuna kifo. Inachoona ni mteja aliyeacha kulipa. Baada ya miezi michache faili linatoka kwa afisa mikopo aliyekuwa akimjua marehemu na kuhamia kitengo cha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, mikononi mwa watu wanaojua namba tu. Hapo mazungumzo yanakuwa magumu zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni msimamizi wa mirathi, na utaratibu wake ni huu. Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa kwa msajili ndani ya siku 30, na cheti cha kifo kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali havitoshi mahakamani, na benki pia havitakubaliwa. Ukiwa na cheti, unafungua shauri la mirathi. Mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu. Mirathi nyingine huenda mahakama za juu yake. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kama hakuna pingamizi lenye msingi, hutoa barua ya usimamizi. Chini ya kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha Fomu Na. 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni yote ya marehemu, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6 kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama Kuu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Muda unaweza kuongezwa kwa maombi. Mkopo wa benki uandikwe kwenye orodha hiyo kama deni. Msimamizi anayeuficha akidhani anailinda nyumba anaidanganya mahakama, anaweza kuondolewa kwenye usimamizi, na hasara aliyoisababisha anaweza kudaiwa yeye binafsi.

Nisisitize jambo ambalo wajane wengi hawaambiwi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia, na makarani wengi wa mahakama wataudai, lakini si sharti la sheria. Mahakama zimeshasema hivyo mara kadhaa. Mjane ambaye ukoo wa mumewe umegoma kukaa, au unataka akubali kwanza masharti fulani ndipo kikao kifanyike, ana haki ya kwenda mahakamani mwenyewe na kuomba usimamizi. Tumeona nyumba zikipigwa mnada kwa sababu tu baba mkubwa fulani alikuwa hajapata nafasi ya kusafiri kuja kikaoni. Inauma, kwa sababu ilizuilika.

Usisubiri barua ya usimamizi ndipo uijulishe benki. Andika barua fupi ya taarifa ya kifo, ambatisha nakala ya cheti, ipeleke tawini, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Maneno ya mdomo kwa afisa mikopo hayahesabiki, hata kama alikuja msibani na kutoa rambirambi. Katika barua hiyo omba benki isimamishe hatua za ukusanyaji wakati usimamizi unashughulikiwa, na uliza kama mkopo ulikuwa na bima. Benki inaweza kukataa kukuonyesha salio kabla hujapata barua ya usimamizi. Wengi hulichukua hilo kuwa ukatili, lakini benki inabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja, na wajibu huo hauishi kwa kifo. Ukishateuliwa, omba kwa maandishi taarifa kamili ya mkopo, mkataba wa mkopo, hati ya rehani, hati ya ridhaa ya mwenzi, na cheti cha bima.

Bima ndiyo inayoweza kuokoa nyumba yote kwa mara moja, na ndiyo inayosahaulika. Mikopo mingi ya nyumba na ya wafanyakazi hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na ada yake hukatwa siku ile ile fedha zinapotolewa, kiasi kwamba mkopaji mwenyewe huenda hakuikumbuka wala kumwambia mwenzi wake. Lakini msije na kauli kwamba "mkopo ulikuwa na bima, kwa hiyo umefutwa." Haufutiki wenyewe. Dai linapaswa kuwasilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba wa bima, na anayelipwa kwanza ni benki. Fedha haziji nyumbani. Mkataba unaweza kutoa mwanya wa kukataa iwapo mkopaji alificha ugonjwa, alizidi umri uliowekwa, au kama ni mkopo wa watu 2 na bima ilimhusu 1 tu. Malimbikizo ya kabla ya kifo nayo mara nyingi hayalipwi. Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi na upeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama tatizo ni benki yenyewe, mfano imekata ada ya bima lakini haikuwasilisha dai, lalamika kwanza kwa benki kwa maandishi. Usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha.

Sasa tuje kwenye saini, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo 3 tofauti.

Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo maombi au hati zake zimesainiwa na mwenzi au wenzi wanaoishi katika nyumba hiyo, au kuna ushahidi wa maandishi kwamba waliridhia. Ni "wenzi", kwa wingi. Mke wa pili anayeishi humo naye anahesabika. Mkopaji aliyeapa kwa uongo kwamba hajaoa au hajaolewa anatenda kosa lenye faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo, au kifungo. Kwa hiyo ikiwa kweli hukuridhia, una hoja ya msingi mahakamani. Ikiwa ulisaini bila kusoma kwa sababu mume alisema "saini hapa mama fulani, ni karatasi za benki", ulisaini. Hoja ya kutosoma haikufikishi mbali, na tunaomba watu waache kuitegemea.

Lakini kusaini nako kuna aina zake. Aliyetoa ridhaa tu amekubali nyumba iwe dhamana. Ikiuzwa na fedha zisitoshe, pungufu linadaiwa kwenye mirathi. Aliyesaini kama mdhamini ameahidi kulipa yeye, na mshahara wake, kiwanja chake au duka lake vinaweza kufuatwa. Aliyesaini kama mkopaji mwenza anadaiwa deni zima tangu siku ya kwanza, na kwake benki haihitaji kusubiri msimamizi. Soma kichwa cha karatasi uliyosaini na neno lililo chini ya saini yako. Nimekutana na mama aliyeishi kwa hofu ya kunyang'anywa shamba lake la urithi kutoka kwa baba yake, kumbe alichosaini ni ridhaa tu ya nyumba. Na nimekutana na mwingine aliyekuwa ametulia kabisa, naye ni mdhamini.

Benki haiwezi kuamka na kuuza. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka itoe notisi ya maandishi ya siku 60 inayoeleza kosa lilivyo, na kwamba muda ukiisha deni lote litadaiwa na haki ya kuuza inaweza kutumika. Kifungu hakihitaji mahakama iamue kwanza, na hapa pia watu hukosea: wanasubiri hati ya wito ya mahakama ambayo haitakuja kamwe. Baada ya notisi, Sheria ya Madalali, Sura 227, inataka tangazo la wazi la siku zisizopungua 14 kabla ya mnada wa ardhi, likitolewa katika mji mkuu wa wilaya na pia mahali mauzo yatakapofanyika. Sheria hiyo ya zamani inataka hata tangazo lipigiwe ngoma au lifikishwe kwa njia nyingine inayoeleweka na asiyejua kusoma, na litaje jina na makazi ya mwenye mali. Hesabu siku zako. Notisi iliyotumwa kwa jina la marehemu baada ya benki kupokea taarifa ya kifo ni jambo la kumwonyesha wakili mara moja, na hapo ndipo ule muhuri wa "imepokelewa" unapofanya kazi.

Bei nayo inalindwa. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka muuzaji apate bei nzuri kadiri inavyowezekana, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo pungufu ya asilimia 25 au zaidi kulinganisha na wastani wa soko la mali za aina hiyo, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Ila mfahamu kwamba mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa. Baada ya nyundo kugonga, mara nyingi kinachobaki kwako ni kudai fidia, na nyumba haitarudi. Zuio la mahakama linaombwa kabla ya mnada, na mahakama itataka kuona hoja ya kweli. Machozi peke yake hayatatosha.

Kuna njia bora kuliko mnada. Msimamizi anaweza kuomba marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi, au kuomba idhini ya benki auze nyumba kwa hiari, kwa bei ya soko, deni likalipwa na salio likarudi kwenye mirathi. Tuseme deni ni shilingi milioni 42 na nyumba ina thamani ya milioni 90. Mnada wa haraka unaweza kuishia milioni 70, halafu zikatwe gharama za dalali. Mauzo ya hiari yanaiachia familia karibu milioni 48, inayotosha kiwanja na vyumba viwili vya kuanzia. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, kama marehemu alikuwa mwanachama, nayo yafuatiliwe mapema. Usikope kwa wale wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, wa "kausha damu", ili kupunguza deni la benki. Usiuze nyumba kimyakimya wala kubadilisha jina la hati kwa mtoto: hati iko benki na rehani imesajiliwa, kwa hiyo hakuna kitakachohamishika isipokuwa fedha za mnunuzi uliyemdanganya.

Ikiwa mnada umeshafanyika, idai benki hesabu ya mauzo kwa maandishi. Kilichozidi baada ya deni na gharama halali ni mali ya mirathi na hulipwa kwa msimamizi. Benki haitakiwi kumlipa shemeji aliyewahi kufika tawini, wala kukaa na fedha hizo. Wapo wajane ambao salio lao limelala benki kwa sababu hakuna aliyeteuliwa kulipokea.

Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ni bure chini ya sheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo katika halmashauri. Ukija, njoo na cheti cha kifo, cheti cha ndoa kama kipo, barua ya usimamizi kama imetoka, na kila barua iliyotoka benki, zikiwemo zile ambazo bado hujazifungua.