Orijino, jeneriki na feki: tunayoyaamini kuhusu bei ya dawa

Mwisho wa mwezi, wagonjwa wa presha na sukari wanaporudi kwenye maduka ya dawa ya Mwembe Tayari, Mombasa, ombi ni lilelile: "Nipe orijino, hiyo ya India sitaki." Anayesema hivyo mara nyingi ndiye anayenunua vidonge vya wiki moja badala ya mwezi, kwa sababu orijino, ile ya kampuni iliyoivumbua, imemshinda bei.

Dhana: Dawa rahisi ni dhaifu, au ni feki

Wapwani tumelelewa na methali kwamba rahisi inavunja upishi. Kwa sufuria, sawa. Kwa vidonge mambo ni mengine. Anayevumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida ya miaka 20. Muda huo ukiisha, wengine huruhusiwa kuitengeneza kwa kiambato kilekile na kipimo kilekile, mradi wathibitishe kuwa inaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ya kwanza. Hiyo ndiyo jeneriki. Bei hushuka kwa kuwa watengenezaji wameongezeka na wanashindana. Amlodipini ya presha na metfomini ya sukari zilishatoka kwenye hataza kitambo.

Feki ni dawa inayodanganya kuhusu kilichomo au aliyeitengeneza, na matapeli hawachagui jeneriki peke yake. Jina kubwa nalo huigwa, kwa sababu lina faida.

Kuchanganya haya mawili hakukuwa kosa la wateja tu. Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 ilieleza ubandia kwa maneno mapana kiasi cha kuweza kuzinasa hata jeneriki halali. Watu watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda kortini, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vilitishia haki yao ya uhai na afya. Hofu yao ya kukosa jeneriki ilikuwa na msingi: mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo, za mwaka mzima kwa dola 350, wakati zenye majina makubwa zilizidi dola 10,000.

Dhana: Dawa ya ugonjwa adimu ni ghali kwa sababu ya malighafi

Malighafi ni sehemu ndogo ya hesabu. Zolgensma, dawa ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, iliingia sokoni Marekani 2019 kwa takriban dola milioni 2.1, dozi moja tu. Wanunuzi ni wachache na mshindani haruhusiwi kuingia mapema: sheria ya Marekani ya 1983 humpa mtengenezaji miaka 7 ya kuuza peke yake iwapo ugonjwa una wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo. Ulaya ni miaka 10. Ni ulinzi mkubwa, lakini kabla yake kampuni nyingi hazikujishughulisha na magonjwa hayo kabisa.

Dhana: Kampuni huficha tiba ili tununue dawa maisha yote

Sofosbuvir ya homa ya ini aina ya C huponya wengi kwa wiki 12 ikitumiwa pamoja na dawa nyingine. Haikufichwa, iliuzwa: dola 84,000 Marekani mwishoni mwa 2013, na dola 900 Misri mwaka uliofuata. Kidonge ni kilekile, kilichobadilika ni mfuko wa mnunuzi.

Dhana: Magonjwa adimu si ya kwetu

Uadimu hupimwa kwa hesabu ya nchi fulani. Selimundu, au sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ina wagonjwa kama 100,000 Marekani, kwa hiyo huko ni ugonjwa adimu. Hapa Pwani ni vigumu kupata mtaa usio na familia inayoujua. Tiba zake mbili za jeni, yaani za kurekebisha chembe za urithi, zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023 zilitangazwa kwa dola milioni 2.2 na 3.1, wakati wagonjwa walio wengi wako Afrika.

Iliyo karibu nasi ni haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani, ambayo tayari ina jeneriki. Utafiti uliochapishwa 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinne, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezwa damu na hata vifo. Ila huanzishwa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara; usiinunue kwa kumwiga mtoto wa jirani.