Oili nyeusi si lazima iwe imekwisha

Katika gereji nyingi za Tabora, fundi huchomoa dipstiki, akaisugua kwa vidole viwili, na akiona weusi hutangaza kwamba oili imekufa. Rangi haitoshi kutoa hukumu hiyo, kwani oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu viungio vyake (kemikali zilizochanganywa humo) hubeba masizi yasigande ndani ya injini, kazi ambayo ndiyo hasa tunayoilipia. Maabara ikipewa sampuli ya oili hupima mnato (uzito wake wa kumiminika), dizeli iliyopenya kwenye oili, na chembe za metali na za uchafu: silikoni, elementi iliyomo kwenye mchanga na vumbi, ikipanda pamoja na chuma, kwa vumbi la barabara zetu ningeanza kukagua chujio la hewa (silikoni peke yake yaweza kuwa gundi ya gasketi tu). Kipimo kimoja husema machache. Kilinganishwe na vilivyotangulia vya injini ileile, kwa kilomita zinazokaribiana tangu oili ibadilishwe.