Bei ya Intaneti ya Jiji na Mfuko wa Mwananchi

Mwuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, hununua bando ya shilingi 20 asubuhi, ikiisha hununua nyingine ili amtumie mteja picha za belo lililofunguliwa. Kufikia mwisho wa mwezi huenda amelipa zaidi ya mwenye intaneti ya nyumbani, lakini ada ya mwezi mzima hajawahi kuishika kwa mara moja. Kwa hiyo, jiji likitaka kuwauzia wakazi wake intaneti isiyo na waya, swali la kwanza ni kama bei inafuata jinsi fedha zinavyoingia mfukoni mwa mnunuzi. Unafuu wa mwezi huja baadaye.

Philadelphia, nchini Marekani, ilijifunza somo jingine kwa gharama kubwa. Mpango wake wa kusambaza Wi-Fi mji mzima ulitangazwa mwaka 2004, kisha kampuni ya EarthLink ikapewa kazi hiyo. Ada ilikuwa takriban dola 20 kwa mwezi, na dola 9.95 kwa familia zenye kipato kidogo, bei ambayo wakati ule ilikuwa nafuu. Hata hivyo waliojiunga walikuwa wachache mno, na mwaka 2008 kampuni ikajiondoa. Mawimbi yaliyorushwa kutoka kwenye nguzo za taa yalidhoofika yakikutana na kuta, vifaa zaidi vikahitajika kuliko ilivyokadiriwa, na mtu anayepata mtandao akiwa barabarani tu haoni sababu ya kulipia mwezi wa pili.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mabati ya nyumba za mtaa wa Mukuru huzuia mawimbi hayo kuliko matofali. Ndiyo maana naamini Nairobi iuze huduma hii mahali inaposhika vizuri, yaani sokoni na kwenye stendi za matatu, kwa saa au kwa siku, malipo yakipitia M-Pesa. Maktaba za umma, ambako mwanafunzi hana cha kulipa, zibaki bure kabisa.

Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilipunguza sana gharama ya kuleta intaneti nchini, ila umeme, ulinzi wa vifaa na mshahara wa fundi havikushuka nazo. Mkazi anayehudhuria kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti ana haki ya kuuliza: kifaa cha nguzoni kikiungua, ni fungu lipi litakalokirekebisha, na ndani ya siku ngapi?