Mwelimishaji rika, kondomu na saa 72: maswali ya wafanyakazi wa ngono Nairobi

Mwelimishaji rika ni nani hasa?

Ni mfanyakazi wa ngono, wa sasa au wa zamani, aliyepewa mafunzo na kukabidhiwa orodha ya wenzake katika eneo analolijua: baa za Roysambu, lojingi za River Road, Koinange usiku, vyumba vya Majengo. Kwa kawaida orodha moja haizidi watu 80, kwa kuwa kila mmoja anapaswa kuonwa walau mara moja kwa mwezi. Hatibu mtu. Anakufuata uliko, anakuachia kondomu na vilainishi, anakukumbusha tarehe ya kupimwa, na anakusindikiza kliniki ukiogopa kwenda peke yako.

Anakuja kwa saa zako. Akikuhutubia mbele ya mteja, hajui kazi.

Mbona ananiuliza nina wateja wangapi? Hiyo si siri yangu?

Ni siri yako, lakini bila jibu hilo anagawa kwa kubahatisha. Hesabu ni hii: wateja 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni kondomu 20. Ongeza za mzunguko wa pili, za mpenzi wa nyumbani, na chache za kupasuka au kuanguka. Mtu huyo anahitaji kama 30 kwa wiki. Kumpa kila mtu sawasawa kunaonekana haki, ila mwenye wateja wengi anaishiwa Jumatano, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, anafanya kazi mikono mitupu. Tukikagua mpango wa eneo lolote, hapo ndipo tunaanza kuangalia.

Kondomu zangu hupasuka mara kwa mara. Ni mbovu?

Mara chache sana. Kwanza tazama unapaka nini. Vaselini, losheni, mafuta ya nazi na ya kupikia huozesha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji, kile cha pakiti ndogo unachopewa pamoja nazo. Pili, kuvaa mbili pamoja huzifanya zisuguane na kuraruka. Tatu, ncha haikubanwa, hewa ikabaki ndani. Nne, pakiti ilifunguliwa kwa meno au kucha. Tano, imekaa wiki nzima ndani ya sidiria au mfuko wa nyuma wa suruali, kwenye joto. Kabla ya kufungua, soma tarehe na uibonyeze pakiti: isipokuwa na hewa ndani, itupe.

Imepasuka, au nimebakwa. Nifanye nini?

Usijioshe ndani kwa sabuni wala maji ya ndimu. Unachubua ngozi na kurahisishia virusi njia. Nenda hospitali au kliniki mara moja upewe PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya kuingia hatarini. Ni vidonge vya siku 28, na lazima uanze ndani ya saa 72. Saa 2 za kwanza ni bora kuliko siku ya pili. Utapimwa kwanza, maana aliye na virusi tayari huanzishiwa ARV, dawa za kutibu HIV, si PEP. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu. Kumeza pamoja na chakula husaidia; kikizidi, rudi kliniki kabla ya kuacha.

P2 ni kitu kingine: inazuia mimba tu. Imeze mapema, na isipite saa 120.

Ukibakwa, usioge ukiweza, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Matibabu hayangoji polisi. PRC, fomu ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini; P3, fomu ya kuthibitisha majeraha kwa ajili ya kesi, hutoka kituo cha polisi. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Na PrEP?

Hiyo ni dawa ya kuzuia HIV inayomezwa kabla ya kuingia hatarini, kidonge kimoja kila siku, na aliyepimwa akakutwa hana virusi. Mwanamke anahitaji siku 7 za kumeza mfululizo kabla ya kuitegemea. Haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Kwa wanawake wengi kisonono na klamidia hazionyeshi dalili yoyote, ndiyo maana unaitwa kliniki kila miezi 3 hata ukijisikia mzima.

Kinachowaangusha wengi ni kelele za kopo. Vidonge vinacheza ndani ya mkoba, mteja au bwana anasikia, anadhani ni ARV, vita vinaanza. Jaza pamba juu ya vidonge, au beba vya siku chache kwenye kikasha kidogo na kopo libaki nyumbani, mahali pakavu.

Jina langu litaandikwa?

Rekodi za mwelimishaji hutumia namba maalumu. Una haki ya kukataa kupigwa picha na bado ukahudumiwa.

Kanjo, askari wa jiji, wakinikuta na kondomu?

Kubeba kondomu si kosa. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 153 na 154, huadhibu kuishi kwa mapato ya ukahaba, na sheria ndogo za jiji hutumika kukamata walio barabarani. Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Mpigie mwelimishaji wako mapema, na mwambie akuletee dawa zako seli. Dozi nyingi hupotelea huko.

Kituo chetu kilifungwa. Dawa nitapata wapi?

Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, vituo kadhaa vya wafanyakazi wa ngono vilifunga au kupunguza huduma. ARV na PrEP zipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Uliza kliniki ya huduma za HIV. Usingoje kopo liishe, nenda likiwa na vidonge vya wiki 2, na ubebe kadi yako au kopo lenyewe. Huhitaji kumwambia mtu wa mapokezi kazi yako; mwambie mhudumu ndani ya chumba, ili akupime inavyostahili. Kama mwelimishaji wako bado yuko, mwombe akutajie mhudumu asiyedharau watu. Kwa kawaida anamjua, na anajua zamu zake.