Mto Ruaha Mkuu unakaukia Usangu

Hadi mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu hapo, kiangazi kikikolea, mto unakatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Viboko hubanana na mamba kwenye madimbwi yaliyobaki, samaki hufa, tembo huchimba mchanga wakitafuta maji. Sisi wa hifadhi, doria za askari wetu haziwezi kuzuia hili, maana maji yanapotea kabla hayajafika kwetu.

Yanaanzia milima ya Uporoto na Kipengere, yanashuka kwa mito kama Mbarali, Kimani na Chimala hadi uwanda wa Usangu, kisha yanaingia bonde oevu la Ihefu. Kutoka Ihefu kuna mlango mmoja tu, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya bondeni yakipungua yakawa chini ya mwamba huo, hata kwa sentimita chache, mto unakatika. Ihefu inaweza kuwa na maji bado, na hifadhini lisifike hata tone.

Kwa miaka mingi lawama zote alitupiwa ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa hifadhini. Mto ukaendelea kukauka! Mifugo mingi huharibu kingo na vyanzo, hilo silikatai. Lakini uzito mkubwa uko kwenye banio, yaani lango la kuingiza maji kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, linaloachwa wazi kiangazi, mpunga umeshavunwa, maji yakisambaa kwenye majaruba matupu hadi yaishe kwa jua.

Hatumwambii mtu aache mpunga. Mchele wa wilaya ya Mbarali unaliwa nchi nzima. Tunachoomba ni banio lifungwe baada ya mavuno, maji yaliyozidi shambani yarudishwe mtoni, na kila skimu ya umwagiliaji ichukue kiasi kilichoandikwa kwenye kibali chake cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, naye akae mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Wa mjini asijione hayumo: maji haya yakitoka hifadhini yanakwenda mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme.

Zamu za maji hupangwa na jumuiya za watumiaji maji. Ukikuta banio liko wazi mwezi Septemba na shamba halina kitu, anza kwa viongozi wa jumuiya yako.