Kikomo cha toleo: kwa nini sarafu huisha kabla mkusanyaji hajalipa

Kikomo cha toleo ni idadi ya juu kabisa ya sarafu za aina moja ambazo kiwanda cha sarafu cha serikali kimeahidi kutengeneza. Kikitangaza 30,000, ya 30,001 haitafuliwa. Ahadi hii huhusu hasa sarafu za kumbukumbu, zinazotengenezwa ili zitunzwe. Tanzania nayo inazo: mwaka 1974 zilitolewa za shilingi 25, 50 na 1,500, Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili twiga, kifaru au duma. Hazikulengwa kwa matumizi ya sokoni. Zililengwa kwa wakusanyaji.

Kikomo chenyewe ni jambo la haki. Anayenunua leo anahakikishiwa kwamba mwakani kiwanda hakitafua nyingine elfu hamsini zinazofanana na yake. Tatizo linaanza pale kikomo kidogo kinapoandamana na bei isiyopanda wala kushuka.

United States Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, hutoa sarafu ya fedha ya wakia moja iitwayo Silver Eagle tangu 1986. Tarehe 14 Novemba 2019, saa sita mchana kwa saa za Washington, yaani saa mbili usiku Dar es Salaam, kilifungua mauzo ya toleo maalumu lenye herufi S, alama ya tawi la kiwanda lililoko San Francisco. Kikomo kilikuwa 30,000, bei dola 65.95, na kila kaya iliruhusiwa moja tu. Ilikuwa sarafu nzuri kwelikweli. Sarafu ya kumbukumbu ya daraja la juu kwa kawaida huwa na uwanda, yaani sehemu tupu inayozunguka picha, unaong'aa kama kioo, na picha yenye weupe wa ukungu juu yake. Hii iligeuza mambo: ukungu ukawa kwenye uwanda, na mng'ao ukahamia kwenye picha, hata ukiiinamisha kidogo chini ya taa, tai anawaka na kila kilichomzunguka kinabaki kimefifia. Nusu saa haikuisha, zote zilikuwa zimekwenda. Muda mfupi baadaye zilikuwa zinauzwa mitandaoni kwa zaidi ya dola 1,000.

Pengo hilo kati ya dola 65.95 na 1,000 ndilo mzizi wa manung'uniko. Bei ya kiwanda ikiwa chini mno kuliko ile ambayo watu wako tayari kulipa, foleni inajaa watu wasiojali kilichochorwa kwenye sarafu. Kiswahili kina neno lake: ulanguzi. Ni ule ule wa tiketi za mechi kubwa. Sharti la sarafu moja kwa kaya linasaidia kidogo, lakini kaya hapo maana yake ni anwani, na mlanguzi ana anwani za ndugu, za marafiki na za ofisini. Tena ana programu inayojaza fomu ya malipo kwa sekunde chache, wakati mstaafu aliyenunua Eagle kila mwaka tangu mwanzo bado anaandika namba ya kadi yake.

Kinachouma zaidi, kwa maoni yangu, ni vikomo vinavyopangwa bila kuangalia wanunuzi wako wangapi. Novemba 2020, kuadhimisha miaka 75 tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, kiwanda hicho kilitoa Eagle ya dhahabu yenye kikomo cha 1,945. Namba hiyo ni mwaka wa vita kuisha. Ina maana nzuri kwenye tangazo, lakini haina uhusiano wowote na idadi ya watu waliokuwa wanaisubiri. Mei 2021 yakaja mauzo ya dola za Morgan, sarafu za fedha za dola moja zilizopewa jina la mchoraji wake, 175,000 kwa kila aina. Tovuti ikalemewa, watu wakatolewa nje wakiwa katikati ya kulipa, na kiwanda chenyewe kikaahirisha mauzo ya aina zilizobaki ili kirekebishe mambo.

Kuna namna nyingine ya kubana ambayo haihitaji tovuti kabisa. Mwaka 1995, Eagle ya fedha yenye herufi W, ya tawi la West Point, haikuuzwa peke yake. Aliyeitaka ilimbidi anunue seti ya dola 999 yenye sarafu nne za dhahabu. Zilitoka 30,125 tu. Aliyekuwa akikusanya za fedha mwaka baada ya mwaka alibaki na tundu moja tupu katika albamu, na leo kulijaza ni maelfu ya dola.

Mtu anaweza kudhani kwamba kikomo kikiondolewa mbio zinakwisha. Si lazima. Agosti 2014, sarafu ya dhahabu ya nusu dola yenye sura ya Kennedy haikuwa na kikomo cha jumla, lakini kwenye maonyesho ya sarafu huko Rosemont, karibu na Chicago, ziliuzwa 500 tu kwa siku, kwa dola 1,240. Wafanyabiashara wakalipa watu wasimame foleni kwa niaba yao, kwa sababu sarafu iliyothibitishwa kuwa ya siku ya kwanza huuzwa ghali zaidi. Msukumano ulifika mahali ambapo kiwanda kilisitisha mauzo hayo kwa sababu ya usalama. Kikomo cha siku kilifanya kazi ile ile ya kikomo cha toleo.

Linganisha na mwaka 2009. Januari ya mwaka huo kiwanda kilianza kuuza sarafu ya dhahabu ya dola 20 yenye mchoro wa mchongaji Augustus Saint-Gaudens wa mwaka 1907, uliochomoza sana juu ya uwanda. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,189, mwanzoni moja kwa kaya, bila kikomo cha jumla. Aliyeagiza aliwekwa kwenye orodha akangoja zamu yake, wengine kwa wiki nyingi. Mauzo yalipofungwa ndipo hesabu ikajulikana: zaidi ya 110,000, kwa kadiri ya walioagiza.